Kisanduku Kimoja

Fomu ilikuwa na maswali kumi na manane.
Baba alijibu kumi na saba kwa kalamu yangu inayovuja,
karatasi gotini, mgongo ukutani,
kliniki ya ghorofa ya tatu, Upper Hill,
na mvua ya Aprili ikitwanga paa la maegesho.

La mwisho: Asili yako.
Chini yake visanduku vinne,
na kimoja tu ndicho chetu: Mwafrika.

"Mwafrika yupi?" akauliza.
Hakuwa na ubishi. Alitengeneza saa miaka arobaini
kwenye kidirisha cha River Road kisichozidi upana wa mabega,
na mtu aliyezoea kufungua saa kwa kibano
hakubali kwamba saa ni saa.
Mbili za kiwanda kimoja, za siku moja, husema,
hii hukimbia, hii huchelewa,
na sababu ni jino la gurudumu
dogo kuliko punje ya wimbi.

Akaanza kunihesabia:
mama yake alivuka Lwakhakha na mimba yake tumboni;
bibi mzaa baba alikuwa Msabaoti;
na yupo babu mmoja aliyekuja na reli,
akaacha jina, pua ndefu, na deni dukani.
"Hawa wote wanaingia humu?"
Sista Dahabo akacheka kidogo.
"Tia alama tu, mzee. Mashine haisomi hadithi."

Akatia. Ndogo, pembeni,
kama anayemdhamini jirani mkopo.

Daktari alikuwa kijana, hakuona haya kusema asichokijua.
Vitabu vinasema wanaume weusi huugua saratani ya tezi dume
zaidi, na mapema zaidi. Lakini damu iliyosomwa
kwa sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa mbali.
Bara lenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko yote
ndilo lililosomwa kidogo kuliko yote.
Akaligonga jedwali kwa ukucha.
"Hili ni koti la Gikomba, mzee,
lilishonewa kifua cha mwingine.
Mabegani linaingia. Vifungo ndivyo vinavyokataa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Koti alilielewa.

Kisha maswali ya ukoo.
Baba mkubwa Wepukhulu alikufa kwa mgongo, tukasema.
Baba mdogo Mukhwana, kwa mkojo kuziba.
Mgongo. Mkojo. Daktari aliandika neno moja mara mbili
na hakutusomea.

Mimi nilikuwa nikimsikia usiku, kwetu Umoja,
mlango wa choo mara tano, mara sita,
nami navuta blanketi, nasema ni uzee.
Neno hilo, uzee,
tumelifunikia makaburi mangapi.

Kipimo cha kidole alikisimulia mwenyewe,
tumekaa tena kwenye benchi, macho yake mbele:
"Sekunde kumi na moja. Nilihesabu.
Foleni ya maji ni ndefu zaidi."
Akanyamaza. Halafu:
"Wepukhulu angalijua ni sekunde kumi na moja tu."

Majibu ni Alhamisi.

Sista Dahabo akarudi na fomu nyingine, akanipa mimi.
"Miaka?"
Arobaini na miwili.
"Basi nawe umeshaingia kwenye foleni. Kaa."
Maswali yaleyale. Nilijaza upesi,
nikafika la kumi na nane, kalamu ikadondosha tone
katikati ya kisanduku kabla sijaamua,
doa la buluu likitambaa kwenye nyuzi za karatasi,
likivuka mstari, likienda lilikotaka.

Nikamgeukia baba nimwonyeshe.
Hakuwa akiniangalia. Alikuwa akitazama
saa ya ukutani, juu ya tangazo la chanjo,
kisha ya mkononi mwake, kisha ya ukutani.

"Dakika nne," akasema. "Inachelewa dakika nne,
na watu wanaingia humu wakiiamini."
Akavua koti.
"Sista, nipatieni kiti."